Wakili wa Moshi Aliyeubeba Mzigo wa Wameru

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Tumetakiwa jioni hii tuseme habari za marehemu Earle Seaton, aliyekuwa wakili. Kabla hatujaingia, mzee wetu mmoja alitushika mkono pale mlangoni akauliza, "Huyo Seaton ni mtu wa wapi? Mimi nimekaa Tabora tangu kuzaliwa na sijamsikia." Swali lake ni la haki. Seaton hakuwa mtu wa Tabora. Hakuzaliwa Tanganyika, wala popote katika Afrika. Alizaliwa mwaka 1924 Bermuda, kisiwa kidogo cha Waingereza katika bahari ya Atlantiki, na ofisi yake ya uwakili ilikuwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwendo mrefu kutoka hapa tulipoketi.

Basi kwa nini tumseme Tabora? Tuna sababu mbili. Ya kwanza mnaijua wote. Katika mkutano wetu uliopita tulibishana sana kama inafaa kupeleka malalamiko ya watu ambayo tunajua mapema kwamba huenda yakakataliwa. Wengine walisema ni kupoteza nauli na karatasi. Tuliondoka bila kukata shauri. Sisi tunadhani maisha ya wakili huyu yana jambo la kusema katika ubishi ule.

Sababu ya pili ni kwamba watu wa Tabora, pengine kuliko watu wengine wa nchi hii, wanajua maana ya kubeba mzigo wa mtu mwingine mwendo mrefu. Babu zetu walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani, wakaipita Ugogo, wakapita Mpwapwa, wakashuka mpaka Bagamoyo. Wakarudi na nguo na shanga na waya wa shaba, na wengine wakaendelea na safari hadi Ujiji, ziwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na heshima yake. Mzigo si wake, bei ya mzigo haijui, lakini ukianguka njiani aibu ni yake. Na tusifiche lingine, maana wazee hawapendi historia ya kupakwa mafuta: katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo, na mji wetu ulikuwa kituo cha biashara hiyo. Bahari ya upande wa magharibi nayo ilikuwa na minyororo yake, na kwa minyororo hiyo ndiyo walipelekwa visiwani wazee wa wazee wa watu weusi wa Bermuda. Kwa hiyo Seaton alipokuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940, karatasi za Serikali zilimwita mgeni. Sisi tuna neno jingine kwa mtu wa namna hiyo.

Kwao Bermuda aliiona rangi ikitawala. Majumba ya sinema yalikuwa na viti vya Wazungu na viti vya weusi, mpaka watu walipoyasusia mwaka 1959. Kura ilikuwa ya mwenye mali, na mali ilikuwa kwa wachache. Kijana yule akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, chuo kilichosomesha watu weusi wengi wa Marekani na visiwani. Kisha akaenda London akasoma sheria. Angeweza kurudi kwao akakaa kwa raha kidogo, au angebaki Uingereza. Akaja Moshi.

Vijana hamkuikuta hali ya sheria ya wakati ule, na bila kuijua hamtafahamu kwa nini wakili mweusi katika mji mdogo lilikuwa jambo kubwa. Wakoloni walikuwa na ngazi mbili za mahakama. Moja ilikuwa ya hakimu wa Serikali na Mahakama Kuu, na humo wakili aliruhusiwa kusimama. Nyingine ilikuwa mabaraza ya wenyeji, ya watemi na maliwali na majumbe, na humo ndimo Mwafrika wa kawaida alimoshtaki na kushtakiwa. Katika mabaraza hayo wakili hakuruhusiwa kuingia. Kwa sheria ya mwaka 1929 rufani zake hazikwenda Mahakama Kuu kabisa, zilikwenda kwa Bwana Shauri, na kutoka kwa Bwana Shauri kwa mkubwa wa Jimbo. Fikirini wenyewe. Mtu anayekudai kodi, anayetangaza amri, anayemsimamia mtemi wako, ndiye huyo huyo anayekaa kitini kusikiliza rufani yako. Wazee wetu hapa Unyanyembe walizoea kusema shauri lao kwa midomo yao tu, na mwenye mdomo mzito alishindwa hata akiwa na haki.

Ngazi hizo mbili ziliunganishwa baada ya Uhuru, kwa sheria ya mwaka 1963. Na hapa tuseme kwa pembeni, kwa kuwa ni fahari ya njia yetu ya misafara: katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru Wizara ya Sheria ilishikwa na Mtemi Abdallah Fundikira, mtu wa Tabora hii, na mwaka 1963 ikashikwa na Sheikh Amri Abedi, mtu wa Ujiji aliyesoma shule hapa Tabora. Wote wawili hawakuwa mawakili. Mawakili wa nchi walikuwa Wazungu na Wahindi, na Seaton alipofungua kazi yake hapakuwa na Mwafrika mzaliwa wa Tanganyika hata mmoja mwenye cheti cha uwakili.

Sasa, wakili wa mji mdogo hufanya kazi gani? Watu hudhani ni kazi ya kupiga makelele mahakamani. Siku nyingi si hivyo. Ni kazi ya kusikiliza. Anakuja mtu wa deni la duka, anakuja mjane ambaye shemeji zake wamemnyang'anya shamba la kahawa, anakuja dereva aliyegonga ng'ombe. Kila mmoja anaanza hadithi yake katikati, na wakili analazimika kuvumilia mpaka apate mwanzo. Kisha huandika. Maneno ya mtu aliyekasirika huyageuza yakawa hati yenye tarehe, mipaka, majina na hesabu, hati ambayo mkubwa hawezi kuitupa kwa kusema haieleweki. Ufundi wa wakili ni huo. Seaton alikuwa nao, na ulipofika mwaka 1951 watu wa mlima wa pili, Mlima Meru, walikuja kuuhitaji kuliko chakula.

Habari za Wameru mmezisikia kwa kipande kipande. Tuziweke mahali pamoja.

Tangu siku za Wajerumani Wameru walibanwa mlimani kwa duara la mashamba ya masetla. Baada ya vita vya pili Serikali ya Kiingereza ilimteua jaji mmoja, Mark Wilson, achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Katika mashauri aliyoyatoa lilikuwamo hili: Wameru wa Engare Nanyuki na wa Leguruki wahamishwe, ili sehemu ile yote iwe ya Wazungu wa kufuga ng'ombe wa nyama na maziwa, mashamba 13. Wameru wakaonyeshwa mahali pengine. Wakakataa. Walisema ardhi ile ndiyo waliyozika watu wao, ndiyo yenye maji na magadi ya mifugo yao, na mahali pale pengine pana joto na maradhi. Serikali ikasema mpango ni wa maendeleo. Neno hilo, maendeleo, limebeba mambo mengi katika nchi hii, mazuri na mabaya, na ni vizuri kila linapotajwa tuulize ni maendeleo ya nani.

Mwezi Novemba mwaka 1951 walikuja askari. Watu karibu 3,000 walitolewa. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, ng'ombe wakaswagwa, na kina mama wakatoka na watoto na vyungu. Wameru hawakupigana. Hilo lilikuwa shauri walilolikata wao wenyewe, wala halikuwa la woga, kwa sababu walijua wakirusha mkuki mmoja tu habari yote itageuka kuwa habari ya fujo, na shamba litasahauliwa.

Ukiwa wakili, na watu kama hao wamekaa mbele ya meza yako, utafanya nini? Fungueni sheria ya ardhi ya mwaka 1923. Ilisema ardhi yote ya Tanganyika iko chini ya mamlaka ya Gavana. Gavana ndiye aliyewatoa. Mwende kwa nani? Kwa Bwana Shauri? Yeye ndiye aliyekuja na askari. Wakili wa kutafuta ada angesema pole, akaandika barua moja ya heshima kwa Serikali, akafunga faili.

Lakini Tanganyika haikuwa koloni kwa sheria, ingawa ilitawaliwa kama koloni. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini. Mwingereza aliishika kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, naye alikuwa ametia sahihi. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 87, unasema Baraza la Udhamini laweza kupokea malalamiko kutoka nchi zilizo chini ya udhamini. Kifungu hicho kilikuwa wazi kwa kila msomaji. Mkutano wa Wameru na wakili wao ukakishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Wameru wakachangishana fedha, watu ambao wengine walikuwa wametoka kuchomewa nyumba, wakamchagua mwenzao Kirilo Japhet aende New York pamoja na wakili Seaton.

Mwaka 1952 wote wawili walisema mbele ya Umoja wa Mataifa. Kirilo alikuwa mtu wa kwanza wa Tanganyika kusimama pale kuishitaki Serikali iliyomtawala. Tunaomba mtulie kidogo katika jambo hili. Mmeru, mkulima, raia wa hadhi ya chini katika mji wa Arusha, ambaye asingeweza kuagiza chai katika hoteli ya Wazungu, anakaa meza moja na mjumbe wa Uingereza, na mjumbe huyo analazimika kumjibu. Halazimiki kwa wema wake. Analazimika kwa sababu hati iliyo mbele ya Baraza imeandikwa sawasawa, ina tarehe, ina mipaka, ina hesabu ya watu na nyumba. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya wakili wa mji mdogo.

Wakashindwa.

Hatutaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu ndilo lililotuleta. Nchi nyingi ziliwaunga mkono. Katika kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mambo ya udhamini, azimio la kuwatetea Wameru lilipita. Lakini lilipofika katika Baraza Kuu, mwezi Desemba mwaka ule, halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa, likaanguka. Kirilo na Seaton hawakurudi na shamba. Hawakurudi na fidia. Kwa hesabu ya duka, Wameru walitoa fedha zao wakanunua safari.

Basi watu wa hesabu ya duka watasema: mnaona? Nauli na karatasi. Nasi tunawaomba wahesabu tena, wasiishie mwezi Desemba 1952.

Kwanza, habari ilitembea. Kabla ya shauri lile, Waafrika wengi wa Tanganyika walidhani juu ya Gavana kuna Mungu peke yake. Kumbe juu ya Gavana kuna baraza, na baraza lina mlango, na Mmeru amepita mlangoni. Chama cha TAA, ambacho hapa Tabora Mwalimu Nyerere alikitumikia alipokuwa akifundisha shule ya St. Mary's kati ya miaka 1946 na 1949, kilikuwa kimezoea kuandika maombi ya mshahara na shule na uwanja wa mpira. Baada ya shauri la Wameru maneno ya watu yalibadilika. Mwaka 1954 ikazaliwa TANU. Mwezi Machi mwaka 1955 Mwalimu akasimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini na kudai kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na itajitawala. Alipita njia iliyokwisha fyekwa. Watu wa misafara mnajua: anayefyeka njia hapati sifa ya anayefika na pembe.

Pili, ardhi yenyewe. Ufugaji ule mkubwa haukusimama kama walivyotabiri, masetla wengi wakaondoka, na Wameru wakarudi Engare Nanyuki. Hatusemi hati ya Seaton ndiyo iliyowatoa masetla. Tunasema Wameru walirudi katika ardhi ambayo ulimwengu ulikuwa umekwisha kuisikia kwamba ni yao.

Tatu, jambo lenyewe la kutumia sheria ya mwenye nguvu kumbana mwenye nguvu. Hili watu wa Tabora msiambiwe na mtu wa Moshi, kwa kuwa lilitendeka hapa hapa mjini kwenu. Mwezi Januari mwaka 1958 TANU ilikutana Tabora kuzungumza juu ya Kura Tatu. Wazee mliokuwako, au mliosimuliwa na baba zenu, mnaijua ile sheria. Mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika na Mwasia na Mzungu, na ilimpasa awe na elimu au mapato au cheo fulani ndipo aandikishwe. Ilikuwa sheria mbaya. Wengi walitaka tuisuse, na waliotaka hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na uchungu. Mwalimu akawaomba wajumbe waingie katika uchaguzi ule ule mbaya, wautumie, wauvunje kwa kuushinda. Mkutano ukakubali, ukagawanyika kidogo, Zuberi Mtemvu akajitenga akaunda chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 waliosimama kwa baraka za TANU walishinda. Kwa maoni yetu shauri la Tabora na shauri la Wameru ni ndugu wa baba mmoja. Wote walisema: sheria hii si yetu, hatukuitunga, lakini ina mlango, na tutaingia.

Mwaka huo huo wa 1958 Mwalimu alishitakiwa kwa maneno yaliyochapwa katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, juu ya mabwana shauri wawili. Alitetewa na D. N. Pritt aliyetoka London, pamoja na mawakili wa hapa nchini, Rattansey na Jhaveri. Faini ilikuwa shilingi 3,000, akailipa akatoka. Watetezi hao hawakuwa na kadi ya TANU, kwa sababu mpaka baada ya Uhuru kadi ile ilikuwa ya Waafrika tu. Tunawataja kwa kuwa chama chetu kina deni kwa mawakili ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari za wanachama.

Tumesema sana juu ya kazi. Sasa tuseme juu ya nyumba, maana kina mama wametukumbusha, na wana haki, kwamba wanaume tukimsifu mtu tunamsifu kama aliyelala ofisini.

Mke wa Seaton alikuwa Alberta Jones, mwanamke mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Texas. Tusimtaje kama mke wa fulani tu. Alikuwa bingwa wa elimu ya viumbe, na uchunguzi wake ulikuwa juu ya jinsi kiumbe anavyojengeka tangu yai. Shahada yake ya udaktari aliipata Brussels, Ubelgiji, mwaka 1949, akawa katika wanawake weusi wa kwanza wa Marekani kuipata shahada hiyo katika elimu ya wanyama. Alifundisha Makerere, na baadaye alifundisha miaka mingi katika vyuo vya watu weusi huko Atlanta na Houston. Walikuwa na watoto wawili, na mtoto mmoja walimpa jina la kutoka upande wetu huu wa Afrika.

Mwenye macho aone. Mama anafundisha Kampala, baba ana wateja Moshi, na kati yao kuna Nairobi na siku za safari. Baadaye bahari nzima ikakaa kati ya kazi yake na kazi yake. Katika miaka ile wanaume wengi, wakiwamo wanachama wetu wapendwa, hawakuruhusu mke avuke mtaa kwenda kujifunza kusoma jioni. Seaton alikuwa na mke mwenye elimu isiyopungua yake, na hatuoni mahali popote ambapo elimu ile ilifungiwa sandukuni kwa sababu ya ndoa. Familia ya namna hiyo hailelewi kwa kuwapo mezani kila usiku. Hulelewa kwa barua, na karo za shule, na kuvumilia. Wapo hapa kina mama ambao waume zao walikuwa wa reli, leo Kigoma, kesho Dodoma. Wao hawana haja ya kuelezwa.

Tena tufikirie hatari. Wakili wa mji mdogo hawezi kujificha. Akiishitaki Serikali, kesho yake hukutana na Bwana Shauri posta. Watoto wake hujulikana ni wa nani. Mteja tajiri husita kumletea kazi. Mtu asiye na mke na watoto anaweza kuwa shujaa kwa urahisi kidogo. Mwenye nyumba huushika ushujaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kibaba cha unga.

Baada ya Uhuru Seaton hakuondoka na wakoloni. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwaka 1967 yeye na Kirilo Japhet walitoa kitabu kuhusu shauri la ardhi ya Meru, kikachapwa Nairobi, na majina yote mawili yako juu yake, la mkulima na la wakili. Mwaka 1973, pamoja na Mtanzania mwenzake Sosthenes Maliti, alitoa kitabu kingine juu ya mikataba ya Tanzania na mataifa mengine.

Kitabu hicho cha pili kinaonekana kikavu, lakini kinapita Tabora kwa garimoshi. Mwaka 1921 Mwingereza na Mbelgiji walipatana kwamba Mbelgiji apewe sehemu ya bandari Kigoma na sehemu ya bandari Dar es Salaam, azishike milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ikapita katika reli ya kati, mbele ya stesheni yetu, bila kulipa ushuru. Watanganyika hawakuulizwa. Ilipokaribia siku ya Uhuru, mwaka 1961, Mwalimu alikataa: nchi huru haiwezi kufungwa milele na mapatano ya watu waliokuwa wamepita tu. Ndipo Tanganyika ikatangaza kwamba mikataba ya kikoloni itapewa miaka miwili ichunguzwe, na isiyokubaliwa upya itakufa. Msimamo huo ulifuatwa na nchi nyingine, na husomwa hata leo na wanasheria wa mataifa. Kuueleza kwa hati safi, kifungu kwa kifungu, ilikuwa ni kazi ile ile ya Moshi: kusikiliza hasira ya watu, na kuiandika isiweze kutupwa.

Mengine tutayapita. Bermuda, nchi ya kwao iliyokuwa na viti viwili vya sinema, ilimwita akawa jaji. Akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli, na mwaka 1982 mbele yake walisimama mamluki waliokamatwa baada ya kuvamia visiwa vile mwezi Novemba 1981 wakitokea Afrika Kusini. Baadaye alikaa katika Mahakama ya Juu ya Uganda. Mtu akitaka kumsifu kwa vyeo, vipo. Sisi tumechagua kumkumbuka alipokuwa bado hana cheo, ana meza na taipureta na mstari wa watu wamekaa kibarazani.

Sasa turudi katika ubishi wetu. Mwenyekiti ametuomba tusitoe amri, nasi hatutoi. Tunasema tu yaliyo tayari. Katibu wa tawi amekubali kukaa ofisini kila Jumamosi tangu saa tatu asubuhi, na walimu wawili wastaafu watakuwa naye. Mwenye shauri la mpaka, la shamba, la mirathi, aje aliseme tangu mwanzo hata kama litachukua asubuhi nzima. Litaandikwa kwa Kiswahili, kwa tarehe na mipaka na majina ya mashahidi, litasomwa kwake kwa sauti, na hatatia kidole gumba mpaka aseme ndiyo, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nakala moja ataishika yeye mwenyewe. Malalamiko yale tuliyobishana nayo mwezi uliopita yataandikwa ya kwanza.

Karatasi zimenunuliwa. Kinachopungua ni meza ya pili, na fundi seremala aliyeketi pale nyuma amekwisha inua mkono.